Nani Mwenye Tekscha Hii? Pointa Janja kwa Wanaochora kwa C++

Hotuba hii, kuhusu pointa janja za lugha ya C++ (zile zinazokumbuka zenyewe kurudisha kumbukumbu), niliitoa Mbeya, mbele ya vijana wanaoandika programu za michoro na michezo. Walioshindwa kufika wameiomba, nami nimeiweka nzima kama ilivyosemwa. Slaidi nimeziacha.

Walimu wetu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana wenzangu, mambo? Naona kuna waliotoka Tukuyu alfajiri na ukungu wake, na kuna waliokuja na basi kutoka Iringa. Kamwene, na poleni na safari. Chai ipo ya kutosha, na kwa baridi hii sitamlaumu mtu akinyanyuka katikati ya maneno yangu akajimiminie.

Nina maswali mawili, na nataka mnijibu kwa sauti. La kwanza: una tekscha moja, yaani picha inayovishwa umbo la kwenye mchezo, upana pikseli 4096, urefu pikseli 4096, kila pikseli baiti 4. Inakula kumbukumbu kiasi gani? Nimesikia 64 kutoka kule nyuma. Sawasawa, megabaiti 64. Ongeza nakala zake ndogo ndogo za mipmapu, inagonga 85 na ushee. La pili: hizo megabaiti 85 ni za nani?

Naona mmenyamaza.

Basi leo tutashinda kwenye hilo la pili. Ni za nani? Nani aliziomba, nani anazishika, nani atazirudisha, na lini? Ukiandika C++ bila majibu ya maswali hayo, programu yako itajibu yenyewe, tena mbele ya watu, siku ya kuonyesha mradi.

Wala msidhani huu ni ugonjwa wa wanaojifunza. Mwaka 2020 watu wa Chromium, mradi ambao kivinjari cha Chrome kimejengwa juu yake, walichambua hitilafu zao nzito za usalama. Kama asilimia 70 zilitokana na makosa ya kumbukumbu, na nusu ya hizo zilikuwa za aina moja: kutumia kitu ambacho kimeshafutwa. Hao ni mafundi wanaokaguliana msimbo kila siku. Sasa mimi na wewe, usiku wa manane, na mtihani kesho?

Ngoja niwape kisa. Kuna vijana wa huku kwetu waliotengeneza programu ya kuruka juu ya milima: unaanzia mjini, unapita juu ya Uporoto, unazunguka kilele cha Rungwe. Data ya miinuko walichukua ile ya rada iliyobebwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000. Inapatikana kwa vipande, kila kipande mraba wa digrii moja, vipimo 3601 kwa 3601, kila kipimo baiti 2. Pigeni hesabu: karibu megabaiti 26. Na bahati yetu, mstari wa latitudo 9 unapita katikati. Jiji liko kaskazini yake kidogo, Rungwe uko kusini yake. Kwa hiyo hata safari fupi kama hiyo inadai vipande viwili, na kila kamera ikivuka mstari, kimoja kinapakiwa.

Fankisheni yao ya kupakia ilikuwa na `new` (kuomba kumbukumbu) juu na `delete` (kuirudisha) chini. Ukiisoma haraka unaona haki imetendeka. Lakini katikati palikuwa na mstari unaosema: ukikuta -32768, toka. Namba hiyo, kwenye data ya rada, maana yake hapa hapakupimika, na kwenye milima mikali sehemu za namna hiyo zipo. Sasa fankisheni ikitokea katikati, ile `delete` ya chini nani ataifikia? Hakuna. Megabaiti 26 zimebaki na hakuna anayezijua tena. Fremu inayofuata, yaani picha inayofuata kwenye kioo, programu inaona kipande hakijapatikana, inajaribu tena. Megabaiti 26 nyingine. Laptopu ya gigabaiti 4 haifiki hata majaribio 150.

Wale vijana walikuwa wakisema programu inachoka ikifika Rungwe. Haikuchoka, ilikuwa imeshiba!

Dawa yake mnaijua jina, nataka muijue na sababu. `unique_ptr` iko kwenye C++ tangu toleo la 2011, na `make_unique` ikaongezwa 2014. Kazi yake ni kusema: kitu hiki kina mmiliki mmoja, na mmiliki akifa, kitu kinarudishwa. Umetoka kwa `return` ya katikati? Kinarudishwa. Umetoka kwa eksepsheni, hitilafu iliyorushwa katikati? Kinarudishwa. Bjarne Stroustrup, aliyeianzisha lugha yenyewe, aliujenga msingi huu zamani: rasilimali ishikwe na kitu, na distrakta ya kitu hicho, ile fankisheni inayoitwa kitu kinapokufa, ndiyo iirudishe. Wala hulipii ziada, kwa sababu kwenye mashine ya biti 64 `unique_ptr` ya kawaida ina baiti 8, sawa na pointa mbichi, yaani anwani tupu ya kumbukumbu.

Mwalimu pale mbele ananitazama, na najua anachotaka kusema: kwa safu ya namba kama ile, `std::vector` ingetosha, pointa ya nini? Ni kweli kabisa, mwalimu. Kabla hujauliza utumie pointa janja gani, uliza kama unahitaji pointa yoyote.

Hapo tumezungumzia kumbukumbu ya kawaida. Sisi wachoraji tuna balaa letu la ziada, na ndilo lililonileta.

Unapoomba tekscha kwa OpenGL, mfumo wa kuiamuru kadi ya grafiki, unapewa nini? Pointa? Hapana. Unapewa namba tu. Saba. Kumi na mbili. Tekscha yenyewe iko chini ya ulinzi wa draiva, programu inayoiendesha kadi, na njia ya kuirudisha ni kuita `glDeleteTextures` na kutaja namba. Pointa janja haina habari kwamba hiyo saba ina uzito wa megabaiti 85. Kwa hiyo watu wazuri wanaandika klasi yao, wanaiita Tekscha, ndani wanaweka namba, na kwenye distrakta wanaita `glDeleteTextures`. Vizuri. Halafu?

Halafu kuna fundi wa samani Mafinga aliyetengenezewa programu ya kumwonyesha mteja meza na vitanda kabla mbao hazijakatwa. Mteja anachagua paini, mkongo, au mninga, na meza inabadilika kwenye kioo. Klasi ilikuwa kama hiyo niliyoeleza. Mtengenezaji akaiingiza kwenye vekta kwa `push_back`, na vekta ikachukua nakala. Sasa kuna vitu viwili vyenye namba saba. Cha kwanza kikafa mwisho wa fankisheni, kikafuta saba kama kilivyofundishwa. Nakala iliyomo kwenye vekta bado inajiona mmiliki wa saba. Meza ikatokea nyeusi.

Meza nyeusi ni kosa la heri, unaliona. Lililofuata ndilo la kuudhi. OpenGL ina haki ya kuitoa tena namba iliyofutwa. Tekscha ya sakafu ikaombwa, ikapewa saba. Mteja akabadili meza, ile nakala ikafa, nayo ikafuta saba. Saba ya nani sasa? Ya sakafu! Aliyefutiwa hana kosa, na aliyefuta hajui amefuta nini. Na msitegemee kelele, kwa sababu `glDeleteTextures` ukiipa namba isiyo na tekscha inapita kimya kimya. Fundi wa watu akaambiwa kadi yake mbovu. Akanunua nyingine.

Kadi haikuwa na kosa. Klasi inayoshika namba ya OpenGL ipigwe marufuku kunakiliwa, iruhusiwe kuhamishwa tu, na ikihamishwa ile ya zamani iachwe na sifuri, maana sifuri `glDeleteTextures` inairuka. Mistari michache, unaiandika mara moja maishani. Kwa maktaba za C kama GLFW na SDL, ambazo zinakupa pointa halisi, ni rahisi zaidi: unaipa `unique_ptr` kifutaji chako, `glfwDestroyWindow` au `SDL_DestroyTexture`, basi.

Nije kwa wapenzi wa `shared_ptr`. Nyoosheni mikono. Msione haya! Naona karibu nusu ya ukumbi.

`shared_ptr` ni mali ya ubia. Kila mshirika anaongeza hesabu akiingia, anapunguza akitoka, na wa mwisho anafuta. Kuna wakati ndiyo jibu sahihi, mfano tekscha moja ya lami inayotumiwa na barabara zote, na hujui ipi itaondolewa mwisho. Lakini wengi wetu tunaitumia kukwepa swali. Ni za nani? Za wote! Na mali ya wote mnajua inavyotunzwa.

Kulikuwa na mchezo wa kuendesha daladala, mzuri kweli, wenye abiria, makonda na mashimo. Gari lilishika magurudumu yake kwa `shared_ptr`. Gurudumu nalo lilitaka kujua liko kwenye gari gani, likashika gari kwa `shared_ptr`. Mchezaji akianza upya, mandhari yote inatakiwa kufutwa. Gari linasema siwezi kufa, gurudumu bado limenishika. Gurudumu linasema siwezi kufa, gari bado limenishika. Hesabu haifiki sifuri milele. Gari la kwanza, meshi zake (maumbo yake), tekscha zake, vyote vipo mahali gizani, na mchezaji akianza mara ya kumi kuna magari kumi ya mizimu. Mshangao wa yule kijana ulikuwa huu: "Lakini nimetumia pointa janja!" Ndiyo, umetumia.

Kwenye mti wa mandhari, mzazi ndiye anayemiliki mtoto. Mtoto hamiliki mzazi. Mtoto akitaka kumjua mzazi, mpe `weak_ptr`, ambayo haiongezi hesabu. Kabla ya kumtumia anaita `lock()`, na akipewa jibu tupu anajua mzazi hayupo tena. Au mpe pointa mbichi, kama una hakika mzazi ataishi kuliko yeye. Pointa mbichi si haramu, jamani. Haramu ni pointa mbichi inayodhani ni mwenye mali. Fankisheni ya kuchora inayopokea meshi, ikatazama, ikachora, ikatoka, haihitaji umiliki wowote, ipe rejea. Ukiipa `shared_ptr` kwa kunakili, kila mwito unapandisha hesabu na kuishusha, na hesabu hiyo ni ya atomiki, maana yake thredi zote, zile njia za kazi zinazokwenda sambamba, zinaigombea. Kwa vitu elfu kumi, fremu 60 kwa sekunde, unatupa muda bure, nawe una milisekunde 16 na ushee tu kwa kila fremu.

Na tafadhali, msichukue pointa mbichi moja mkaizalishia `shared_ptr` mbili mbalimbali. Kila moja itafungua hesabu yake, kila moja itajiona ya mwisho, na kitu kitafutwa mara mbili.

Sasa nisikilizeni kwa hili, hata aliyeko kwenye chai.

Tuseme umefuata yote niliyosema. Mmiliki mmoja, hakuna nakala, hakuna mzunguko. Hesabu imefika sifuri, tekscha imefutwa kwa haki. Je, uko salama? Kwa mifumo mipya ya kuiamuru kadi, Vulkan, iliyotolewa 2016, au Direct3D 12, jibu ni hapana.

Umempelekea fundi wa nguo pale Mwanjelwa kitambaa na karatasi ya vipimo, ukaondoka. Kwako kazi imekwisha, oda umetoa. Kwa fundi kazi haijaanza, kuna watu mbele yako. Ukirudi baada ya nusu saa ukabeba kitambaa kwa sababu wewe umeshamalizana nacho, fundi atashona nini? Kadi ya grafiki ndiyo huyo fundi. Prosesa yako inaandika amri, inazitia kwenye foleni, inaendelea na fremu inayofuata. Kadi inakuja nyuma, fremu moja, mbili, pengine tatu. Pointa janja inahesabu washirika walioko upande wa prosesa tu. Kadi haina `shared_ptr`. Kadi haihesabiwi. Hesabu inafika sifuri, unafuta, na kadi bado inasoma.

OpenGL na Direct3D 11 zilikuficha jambo hili. Draiva ilikuwa ikikumbuka kwamba kitu bado kinatumika na kuchelewesha kukifuta. Zilipokuja hizi mpya, mzigo ukahamia kwako, kwa makusudi kabisa, ili upate kasi. Wengi walichukua kasi wakasahau mzigo.

Dada mmoja, tena hodari sana, alikuwa na programu ya Vulkan isiyo na doa kwenye laptopu yake. Akampa rafiki yake, ikazimika ndani ya dakika, ujumbe `VK_ERROR_DEVICE_LOST`. Kwake ikaendelea vizuri. Wakasema ni draiva, wakabadilisha. Wakasema ni joto, wakaweka feni. Baadaye akawasha tabaka za ukaguzi za Vulkan, zile ambazo wengi wetu tunazizima kwa sababu zinasema sana, na lawama ya kwanza ikataja bafa (eneo la kumbukumbu ya kadi) iliyofutwa wakati amri zinazoitumia hazijamalizika. Kadi yake ilikuwa ya kasi, ilikuwa ikimaliza kabla hajafuta. Ya rafiki yake ilikuwa nzito. Kosa lilikuwa lile lile kwenye mashine zote mbili, na mwenye mashine nzuri ndiye aliyefichwa.

Alifanyaje? Wapo wanaoita `vkDeviceWaitIdle` kila wanapotaka kufuta kitu. Hiyo inaisubirisha programu hadi kadi imalize kazi zote, kila mara. Wakati wa kuzima programu ni sawa, lakini katikati ya mchezo unaona picha zinakwama. Yeye aliweka foleni ya kufuta. Kitu kikikosa wamiliki, hakifutwi palepale. Kinaingia kwenye foleni pamoja na namba ya fremu iliyokitumia mara ya mwisho. Kila fremu ina fensi yake, ambayo ni ishara ya kadi kwamba nimemaliza. Fensi ya fremu hiyo ikitoa ishara, vyote vilivyosubiri fremu hiyo vinafutwa. Na uzuri wake ni kwamba pointa janja inabaki na kazi yake: kile kifutaji unachoipa, badala ya kuharibu kitu, kinakipeleka kwenye foleni. Wanaoitumia klasi hata hawajui kuna foleni.

Ni za nani? Za mmiliki kwenye prosesa, hadi atakapoziachia. Kuanzia hapo ni za fremu, hadi fensi itakaposema.

Nipite haraka kwenye mambo ya kufunga programu, maana muda unakimbia na mwenyekiti ananionyesha saa. Programu nyingi zinafanya kazi vizuri halafu zinaanguka mtumiaji anapobonyeza kufunga. Sababu mara nyingi ni mpangilio. Kwenye C++ wanachama wa klasi wanakufa kinyume cha walivyotangazwa. Ukitangaza tekscha juu na dirisha chini, dirisha linakufa kwanza na konteksti yake (hali ya OpenGL iliyofungamana nalo), halafu tekscha zinakuja kuita `glDeleteTextures` kwenye konteksti isiyokuwepo. Dirisha litangulie juu, vingine chini yake. Vitu vya globali vina shida hiyo hiyo, tena mbaya zaidi, kwa sababu vinakufa baada ya `main` kwisha. Na kama una thredi ya kupakia mafaili, angalieni isije ikawa ndiyo inayoshika `shared_ptr` ya mwisho ya tekscha. Itafuta ikiwa haina konteksti ya OpenGL. Sitaki kuwaeleza kitakachotokea, kila draiva ina majibu yake.

Mkirudi nyumbani leo, kabla hamjabadilisha mstari hata mmoja, kompailini miradi yenu kwa `-fsanitize=address` pamoja na `-g`. GCC na Clang zote zinayo, bure. Programu itakwenda kama nusu ya kasi yake, na mtavumilia. Itakuambia mstari uliofuta, mstari uliotumia baada ya kufuta, na kwenye Linux mwisho wa programu inakuorodheshea vilivyovuja. Kumbukumbu iliyoko kwenye kadi yenyewe haiioni. Hiyo waachieni tabaka za ukaguzi, na msizizime kwa sababu ya kelele. Someni mstari wa kwanza, rekebisheni, endesheni tena.

Anayetumia Rust, lugha inayolinda kumbukumbu yenyewe, nimemwona anacheka tangu nianze. Cheka tu, kaka, lakini kadi ya grafiki nayo haijui kwamba umeandika kwa Rust. Ukiita Vulkan moja kwa moja, hiyo foleni ya kufuta na wewe utaijenga.

Maswali sasa. Dada wa pale dirishani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, halafu mwalimu.